Hanesi mpya ya MGB ya 1971: ilichotibu, na ambacho msasa ulitibu kabla yake

Hanesi ni nyaya zote za umeme za gari zilizofungwa pamoja, na hii ni ya MGB, gari langu la zamani la Uingereza. Boksi lilikuwa na matita matatu ya nyaya: kubwa la mbele linalopita kwenye injini na kuingia nyuma ya dashibodi, refu linalokwenda mpaka kwenye buti, na dogo la giaboksi. Yote yamezungushiwa tepe nyeusi ya plastiki isiyo na gundi, kila mzunguko umelalia nusu ya ule uliotangulia. Mimi ni fundi cherehani, na mkono uliotulia naujua nikiuona. Nilipitisha kidole kutoka ncha hadi ncha, sikukuta mahali tepe imelegea wala ilipojikunja. Sijachomeka hata waya mmoja, tayari nilishamheshimu aliyeifunga.

Kwa mwenye haraka: ni hanesi nzuri. Ya mbele ningeinunua tena kesho, ya nyuma ningefikiri kwanza. Lakini kati ya matatizo manne yaliyonifanya niagize, mawili yaliisha kabla boksi halijafika, kwa kipande cha msasa na jioni moja ya kupiga magoti. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Jina la mtengenezaji nitaliacha, kwa sababu kuna kasoro nitakazozisema na wenyewe wamenitendea vizuri.

Gari ni MGB ya wazi ya mwaka 1971, nililoachiwa na mjomba wangu, kaka yake mama. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, yakavuka nusu milioni, ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kukaa akayatengenezea nyaya mpya na akapata wateja. Mjomba aliliendesha kwa mapenzi, ila miaka yake ya mwisho macho yalimkatalia, likakaa bandani chini ya turubai. Turubai huzuia mvua. Unyevu hauzuii, huufungia ndani.

Nilipoanza kuliendesha nilikuta mambo manne. Nikikanyaga breki huku indiketa ya kushoto inawaka, taa ya nyuma ya upande huo inafifia na kuwaka kwa kupokezana na indiketa, kana kwamba zinagawana umeme wa mmoja. Geji ya mafuta inasema tangi limejaa hata pale ninapojua nina lita chache. Taa kubwa zinatoa mwanga wa njano wa kibatari. Na la nne ndilo lililoniogopesha: usiku mmoja, barabarani, gari lilikohoa mara mbili likazima.

Kwenye MGB pampu ya mafuta ni ya umeme, iko chini ya gari upande wa nyuma, na ukifungua swichi kabla ya kupiga stata unaisikia: tak, tak, tak, halafu inatulia mafuta yakishajaa. Usiku ule nilifungua swichi sikusikia kitu. Nililala chini na tochi mdomoni, nikaupapasa waya mweupe unaoilisha pampu mpaka kwenye kiungio chake, nikakitikisa. Tak, tak, tak. Nilifika nyumbani bila kuzima injini hata mara moja njiani.

Kesho yake nilikifungua kiungio kile mezani, chini ya taa yangu ya kushonea. Viungio vya magari haya ni vya namna moja: kila waya una kichwa kidogo cha mviringo cha shaba nyeupe kiasi, mafundi wanakiita buleti, kipenyo chake milimita 4.7, na vichwa viwili vinachomekwa kutoka pande mbili ndani ya kifuko cha mpira chenye bomba la bati ndani yake. Nilipokivuta kifuko, unga wa kijani ulimwagika kwenye kitambaa. Bomba la ndani lilikuwa limeliwa mpaka limebaki kama ganda la yai. Nikakata waya sentimita mbili kutoka kwenye kichwa, nikamenya plastiki: nyuzi nyeusi tii. Nikakata sentimita tano zaidi: nyeusi. Nikafika sentimita kumi na nne ndipo nilipoanza kuona wekundu wa shaba, na hata hapo si wekundu wa kung'aa. Nilikunja nyuzi chache kwa kucha zikakatika kama uzi wa pamba uliopitiwa na pasi ya moto.

Hili nilikuwa silijui. Nilidhani kutu inakaa pale inapoonekana. Kumbe unyevu unaingia pale plastiki inapoishia, kisha unapanda kati ya nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na mahali penye mvuke wa tindikali ya betri ndiyo hupanda mbali zaidi. Kwa nje waya unaonekana mzima, rangi yake safi, unapinda vizuri. Ndani umeshakufa. Nilijaribu kuulehemu. Risasi ya kulehemia ilijiviringisha juu ya nyuzi nyeusi kama maji kwenye jani la yungiyungi, ikadondoka mezani. Wapo wanaozichovya nyuzi za hivyo kwenye siki yenye chumvi, na kweli zinang'aa, nimejaribu. Lakini chumvi inayobaki katikati ya nyuzi ni mbegu ya kutu ya mwaka kesho, na sidhani kuna mtu anayeisuuza yote ndani ya waya. Mimi siifanyi tena.

Hapo ndipo nilipoagiza hanesi nzima. Nikakosea kidogo, maana nilipaswa kumwita fundi kwanza na kuagiza baadaye.

Fundi niliyemwita ni mzee wa umeme wa magari aliyekuwa akimhudumia mjomba. Nilimwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja bila kugusa chochote, akauliza, "Ethi umekwangua, binti yangu?"

Nikamwambia bado, ila nimeshaagiza nyaya mpya zote.

"Nyaya mpya zitarudisha umeme kupitia wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwenye cherehani ya umeme waya mmoja unapeleka na mwingine unarudisha, unaziona zote mbili. Kwenye gari, njia ya kurudi ni bodi lenyewe. Kila taa ina waya mweusi mfupi unaofungwa kwa boliti kwenye chuma, ndiyo ethi hiyo, na chuma kile chote ni waya mmoja mkubwa unaorudi betrini. Boliti ikiota kutu, au mtu akipaka rangi gari zima bila kuziba zile sehemu, umeme unakwenda lakini haurudi vizuri. Ukikosa njia unatafuta nyingine: ndiyo ile indiketa yangu na taa ya breki zilizokuwa zikirudisha umeme kwa kupitiana.

Mzee alinionyesha namna ya kupima, na nakieleza hapa kwa sababu ndicho kipimo nilichotumia kuihukumu hanesi. Usipime ukinzani wa waya gari likiwa limezimwa. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utaonekana mzima kwenye mita, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Pima taa zikiwa zimewaka. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye mguu wa ethi wa taa kubwa, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Njia ikiwa safi mita husoma karibu na sifuri. Betri za gari hili ni mbili za volti 6, zimekaa nyuma ya viti, kwa hiyo ilibidi tuunge waya mrefu ili mita ifike mbele. Ikasoma 0.8. Yaani karibu volti nzima inafia kwenye kutu ya boliti moja.

Betri wakati huo, taa zikiwa zimewaka, ilikuwa 12.2. Kwenye miguu miwili ya taa yenyewe tulipata 10.3. Volti 1.9 zimepotea njiani, na taa za waya wa kuwaka haziwi na huruma kwenye hilo: mwanga hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti. Kwa 10.3 badala ya 12.2 unapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga.

Jioni ile tulifungua kila boliti ya ethi tuliyoipata: mbele kwa taa, ndani ya buti, kwenye dashibodi, na mkanda mnene unaounganisha injini na bodi. Kila moja nilikwangua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, pande zote mbili, kiatu cha waya na bodi, nikarudisha kwa washa ya meno inayouma chuma, kisha vaselini juu ili hewa na maji visifike. Nyuma ya dashibodi kuna kiboksi kidogo cha bati kinachopunguza umeme wa geji mpaka wastani wa volti 10. Kiboksi hicho kikikosa ethi kinaachia volti zote za betri, na geji inapanda. Nilikaza boliti yake baada ya kukwangua, sindano ya mafuta ikashuka mbele ya macho yangu mpaka robo, palipo ukweli. Indiketa na breki nazo zikaacha kugombana. Taa kubwa zikafika 11.0.

Hanesi ilikuwa bado iko njiani.

Sasa nirudi kwenye boksi. Wakati wa kuagiza waliniuliza namba ya chesisi, mwaka, usukani upande gani, gari la wazi au lenye paa, na kama kuna ovadraivu, ile gia ya ziada ya mwendo kasi. Nilifurahi kuulizwa. Magari haya yalibadilishwa nyaya mara nyingi: ya mwanzo yalichaji betri kwa dainamo na kichwa chanya cha betri ndicho kilichofungwa kwenye bodi, na mwishoni mwa 1967 yakahamia altaneta, mashine ya kuchaji ya namna mpya, na hasi kwenye bodi. Muuzaji asiyeuliza maswali haya, muache.

Rangi ziko sahihi. Hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu rangi ndiyo lugha ya magari ya Uingereza ya wakati ule na ukishaijua husomi tena mchoro kila dakika. Kahawia ni umeme wa betri moja kwa moja, haujapita kwenye fyuzi, haulali. Mweupe unaamka ukifungua swichi. Wa kijani ni ule mweupe ukishapita kwenye fyuzi. Zambarau ni kahawia iliyopita kwenye fyuzi, ndiyo maana honi inalia hata gari likiwa limezimwa. Mwekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, mweusi ni ethi. Kisha kuna mistari myembamba juu ya rangi: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, chenye mstari mweupe ni ya kulia, chenye zambarau ni breki. Nililaza hanesi ya zamani na mpya sakafuni sambamba, nikalinganisha waya kwa waya. Hakuna rangi iliyobadilishwa, na mistari imeingia kwenye plastiki yenyewe, haikupakwa juu ikafutika kwa kidole.

Nikamenya waya mmoja wa buluu ili kuhesabu nyuzi. Walioandika vipimo wanasema 28 za milimita 0.30, ambazo kwa pamoja ni kama milimita 2 za mraba. Nilizitandaza juu ya kitambaa cheupe nikazihesabu kwa ncha ya sindano, kama ninavyohesabu nyuzi za kitambaa nisichokiamini. 28. Za taa ndogo 14. Waya wa kahawia una 44, na zote nyekundu, laini, zinang'aa. Nimekaa nazo mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kufunga kulinichukua jioni kumi na moja. Betri nilizitenganisha kabla ya yote, kwa kuwa ule waya wa kahawia hauna fyuzi na ukigusa bodi ni shoti ya kuchoma gari. Sehemu ngumu ni kupitisha hanesi kwenye tundu la ukuta kati ya injini na dashibodi. Nilifunga uzi mnene wa kushonea turubai kwenye ncha ya hanesi ya zamani, nikaivuta itoke ikiacha uzi ndani, kisha nikatumia uzi huohuo kuingiza mpya. Matawi yalitoka pale pale yanapotakiwa: tawi la swichi ya taa likasimama mbele ya swichi ya taa, la wipa mbele ya wipa. Aliyepima hanesi hii aliipima kwenye gari la kweli.

Kasoro zipo.

Waya wa taa za rivasi kwenye hanesi ya nyuma, wa kijani wenye mstari wa kahawia, ulikuwa mfupi kwa sentimita tisa. Ungefika kama ningeuvuta ukatize juu ya ukingo wa bati, jambo ambalo sikubali. Niliwaandikia na picha yenye tepu ya kupimia, wakajibu kesho yake, wakaomba radhi na kutuma kipande cha rangi ileile chenye kichwa kilichokwisha bonyezwa. Lakini sasa nina kiungio cha ziada mahali ambapo kiwandani hakikuwepo, na kiungio ndicho chanzo cha kila kilichonisibu.

Lebo mbili za karatasi za indiketa za mbele zilikuwa zimebadilishana, kushoto kwenye kulia. Asiyezijua rangi angefunga kinyume na kutafuta kosa siku nzima. Mimi niliamini mistari, si karatasi.

Vifuko vya mpira walivyoweka kwenye boksi ndivyo vilivyoniudhi kweli. Nyaya nzuri hivi, kisha vifuko ambavyo buleti inaingia kwa kidole na kutoka kwa kidole! Buleti inatakiwa iingie kwa kubanwa na koleo mpaka isikike ikikaa, tik. Bomba la ndani la hivi ni bati jembamba, halibani. Ukifunga gari lote kwa vifuko hivi utakuwa umenunua tatizo lako la zamani likiwa jipya. Nilivitupa vyote, nikatafuta vinene kwingine. Niliwaandikia kuhusu hili pia. Wamesema watabadilisha anayewauzia. Natumaini.

Na hakuna raba za matundu, zile zinazovalishwa tundu la bati mahali waya unapopita. Zile za zamani zimekauka kama biskuti, zikishavunjika waya unasuguana na ukingo wa bati kila gari linapotikisika, mpaka plastiki iishe. Waseme tu kwenye tangazo kwamba hazimo, mtu azinunue mapema. Mimi nilisimama siku tatu nikizisubiri.

Kuhusu kuunga: pale nilipolazimika kuweka vichwa mwenyewe, nilitumia koleo la kubonyeza lenye meno ya kufunga, lile lisiloachia mpaka limebana sawasawa. Usitumie yale mepesi ya bati. Yanaponda kichwa bila kushika waya. Wengi hupenda kulehemu, na vichwa vya asili vya magari haya vingi vililehemiwa. Lehemu ikifanywa vizuri haina ubaya, ila risasi hupanda ndani ya waya na kuufanya mgumu kama kijiti, na pale ugumu unapoishia ndipo mtetemo unapoukatia. Ukilehemu, ushikilie waya karibu na kichwa usiwe unacheza. Tepe ya gundi ya kawaida sitaki kuiona chini ya boneti: joto likipanda gundi inayeyuka, tepe inateleza, vumbi linaganda. Hanesi ya zamani ilikuwa imefungwa viraka vya tepe hiyo kila mahali na vidole vyangu vilinata wiki nzima.

Fyuzi nazo nizitaje, maana ni hatari iliyojificha. Fyuzi za kioo za asili za gari hili zimeandikwa 35. Namba hiyo ni kiwango cha kukatikia. Umeme wa kuendelea zinaobeba ni ampea 17 tu. Fyuzi nyingine nyingi huandikwa kile zinachobeba kwa kuendelea. Ukiweka hizo za namba 35 kwenye kisanduku kile, waya utaungua kabla ya fyuzi. Kwenye gari langu mtu aliyepita alikuwa ameizungushia fyuzi moja karatasi ya fedha, na waya wa kijani chini yake ulikuwa umeyeyuka ukashikana na wa pembeni yake kwa urefu wa kiganja. Niliukata nikauweka kwenye kopo la vifungo, pale dukani kwangu. Wateja wakiniuliza ni nini huwaambia.

Baada ya hanesi yote kukaa mahali pake tulipima tena, mzee na mimi, betri ileile, taa zilezile. Kutoka 11.0 tulifika 11.6. Honi inalia kila ikiombwa. Pampu inagonga mara swichi inapofunguliwa, na sauti yake ni nzito zaidi kuliko nilivyokuwa nimeizoea. Nadhani kabla ya hapo ilikuwa haijapata kula ikashiba.

Mbona si 12? Kwa sababu kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya dashibodi na kisha kwenye swichi ya kubadilisha taa, bila rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na pia bila fyuzi. Taa mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9 kupitia vishikizo vidogo vilivyochoka kwa miaka zaidi ya hamsini. Hanesi hii imetengenezwa kama ya kiwandani, kwa hiyo inarudisha udhaifu huo pamoja na uzuri wote. Siwalaumu, wanaouliza asili wanapewa asili. Lakini wangeweza kutoa tawi la ziada la rilei kwa anayelitaka. Mzee alifunga rilei mbili karibu na rejeta, moja ya taa za chini na moja ya taa za mbali, kila moja na fyuzi yake, zikichukua umeme moja kwa moja kutoka waya mnene wa kahawia, na swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Volti 12.0 kwenye taa. Tulizima taa za bandani tukasimama tunautazama ukuta.

Kwa hiyo hesabu ya zile volti 1.9 ni hii: msasa ulirudisha 0.7, hanesi 0.6, rilei 0.4, na 0.2 bado zinapotea njiani. Kilicho ghali kuliko vyote ni hanesi. Simaanishi haikustahili. Msasa usingeweza kufufua waya wa pampu, wala usingeondoa ule wa kijani ulioyeyuka nyuma ya kisanduku cha fyuzi, na sasa ninaendesha usiku bila moyo kudunda. Ila anayeagiza kwa sababu taa zake zimefifia na geji inadanganya, bila kukwangua boliti hata moja, atafunga nyaya mpya kwenye kutu ya zamani na atasema hanesi ni mbovu. Nimesoma malalamiko ya namna hiyo, na sasa najiuliza ni mangapi kati yake yalikuwa boliti.

Ushauri wangu wa kununua ni huu. Kabla ya kuagiza, kata waya mmoja nyuma ya buleti sehemu tatu: mbele kwa taa, kwenye kundi la viungio karibu na kisanduku cha fyuzi, na kwenye buti. Menya sentimita kumi. Nyuzi zikiwa nyekundu, huhitaji hanesi. Unahitaji vichwa vipya, vifuko vinene na wikiendi moja. Zikiwa nyeusi mbele tu, agiza ya mbele peke yake. Yangu ya nyuma, nilipoichana baada ya kuitoa, ilikuwa nzima isipokuwa ule waya wa pampu na sentimita chache kwenye kila ncha. Ningeweza kuiokoa. Niliichana kwa wembe wa kufumulia mishono nikiwa nimeketi sakafuni, mita nzima baada ya mita, shaba nyekundu, na nilisikitika.

Imepita miezi minane, mitatu kati yake ya mvua. Jumapili iliyopita niliingia chini ya gari nikakifungua kiungio cha pampu, kile kilichonilaza barabarani. Buleti ilitoka kwa kuvutwa na koleo, ina vaselini pande zote, na nilipoifuta ilikuwa na rangi ileile iliyotoka nayo kwenye boksi. Kile kiungio cha ziada cha taa za rivasi nacho nilikifungua. Kiko sawa, ila nimekiwekea kifuko kirefu zaidi, na nitakitazama tena baada ya mvua zinazokuja.